Panda Maharagi, Usipande Muti

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la kachoti, chumba cha mahabusu cha polisi. Mtu amekamatwa Jumatatu, leo ni Ijumaa, ndugu zake wanampelekea chakula asubuhi na jioni, na wanataka kujua kama hiyo ni halali. Nawaambia si halali. Saa arobaini na nane zikipita, apelekwe mbele ya mwendesha mashtaka au aachiliwe aende kwake, imeandikwa katika katiba ya nchi. Wananitazama kwa heshima. Kisha mmoja anauliza kama hiyo katiba polisi wa hapa nao wameisoma, ukumbi mzima unacheka, na mimi nacheka nao.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Karuba, katika Masisi, kwa miaka mingi. Chama kimoja kilikuja kutafuta watu wanaoweza kusoma vitabu vya sheria kwa Kifaransa na kuvieleza kwa Kiswahili. Wakanichukua, wakanifundisha mjini kwa majuma machache, wakanirudisha na daftari nene la jalada la buluu. Tangu hapo kila siku ya soko naketi katika ukumbi wa parokia, meza mbele yangu, mabenchi mbele ya meza, na watu wanakuja na maswali yao. Kumwandikisha mtoto kunalipiwa? Hapana, ukiwahi kabla siku tisini hazijapita. Askari amechukua kadi yangu ya kura, amekataa kuirudisha? Hana ruhusa, twende nikuandikie barua. Mimi ni mwepesi wa hasira, na pale ukumbini hasira yangu inasaidia. Mtu akieleza alivyodhulumiwa, mdomo wangu unaanza kutetemeka kabla ya wake. Watu wananitania kwa kuniita hakimu, na nikiri tu kwamba jina hilo lilinipendeza.

Nikiendelea na hayo najichelewesha bure. Jambo ninalotaka kulisema ni la shamba la dada yangu. Nimelibeba miaka yote hii, na katika jambo hilo mimi si hakimu.

Baba alituacha watatu: mimi wa kwanza, dada anayenifuata, na mdogo wetu wa kiume ambaye sasa yuko Bisie, anafanya kazi mgodini. Alituachia mlima mmoja nyuma ya njia ya Mushaki, juu malisho, katikati viazi, chini karibu na kijito udongo mweusi ambao ukiuchimba mkono unapoa. Baba alipokufa sikugawa kitu. Nilishika mlima wote kama mkubwa wa nyumba, na hakuna aliyeniuliza. Dada alikuwa ameshaolewa mbali, Pinga, kule Walikale, na kwetu msichana akishaolewa watu huhesabu kwamba shamba lake liko kwa mume.

Mume wake alikuwa mtu wa msitu, mkulima na mwindaji, mpole kuliko mimi mara mia. Homa ilimchukua katika siku nne. Miezi mitatu baada ya mazishi dada akanipigia simu, akaniambia wakwe wanalitaka shamba, na baraza limeitwa. Alisema kwa sauti ya chini, bila kulia, na mimi nikapandwa na hasira hapo hapo mbele ya mke wangu. Nilisema mjane hatolewi katika mali ya mumewe, kwamba nitawafundisha sheria mpaka waelewe. Kesho yake nilikuwa juu ya pikipiki.

Siku mbili tulikuwa njiani. Matope yalitufika magotini, na sikumbuki ni mara ngapi tulishuka kusukuma. Dereva alilalamika, mimi sikulalamika, maana kichwani nilikuwa nikirudia vifungu vya sheria na kujisikia nikivisema vizuri. Leo nikikumbuka furaha ile ya njiani naona haya kuliko hata mambo yaliyofuata.

Baraza lilikutana katika chumba cha mbao. Wazee walikuwa watano, na mwenye neno alikuwa baba mdogo wa marehemu, mzee mtulivu aliyekuwa akisokota kamba ya mtego juu ya paja lake huku akisikiliza. Dada alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, binti yake wa miaka tisa amemwegemea. Nilisimama nikasema yote. Nilisema mjane asifukuzwe. Nilisema mtoto wa kike anarithi kwa baba yake sawa na wa kiume, na kwamba huyu binti aliyeketi hapa ana haki katika lile shamba hata kama ukoo haupendi. Nilisema vizuri, najua nilisema vizuri, wazee wawili walikuwa wanatikisa kichwa kukubali.

Yule mzee akaacha kusokota. "Sheria tumeisikia, Papa," alisema. "Miye nauliza kitu moya tu. Kule kwenu, huyu dada yako iko na shamba mu mali ya baba yake?"

Dada akainua uso kunitazama. Hakuwa ananitega. Alitaka kusikia tu, kama watu wengine wote mle ndani, maana swali hilo na yeye hakuwahi kuniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Ningepata aibu ya dakika chache mbele ya wazee ambao labda nisingewaona tena maishani, na kisha ningesema kwamba sheria ni ileile kwao na kwetu, na kwamba kosa langu haliwapi wao ruhusa. Jibu hilo nimelitunga mara nyingi tangu siku ile, na kila mara linakuwa zuri zaidi. Siku yenyewe nilisema hivi:

"Iko nayo. Baba alituachia wote sawa."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na ujanja usoni pake, alifurahi kwa kweli. Wakateta kwa lugha yao, si kwa muda mrefu, kisha uamuzi ukatolewa. Kwa kuwa mjane ana shamba kwa baba yake na hatalala njaa, shamba la Pinga libaki kwa ukoo ambao una watoto wengi, na yeye aende kwa amani na binti yake, vyombo vyake na mbuzi wake wawili. Nilipinga. Nilipiga meza. Nikawaambia sheria haiulizi kama mjane ana kitu kwingine. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua tena kamba yake. "Ni weye njo umesema iko nayo," alisema.

Hivyo ndivyo dada yangu alivyopoteza shamba la mumewe, kwa neno nililolisema mimi ili nisiaibike.

Wakati wa kurudi alipanda pikipiki ya pili na binti yake, godoro limefungwa nyuma. Mbuzi aliwauza. Tulipopumzika kwenye daraja moja alikuja kukaa karibu nami, akaninong'oneza, "Kaka, ni kipande gani?" Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi na anaona vibaya kuifungua mbele za watu. Nikamwambia tutaona tukifika.

Tukafika. Nikamwonyesha kipande cha chini karibu na kijito, na kusema kweli ndicho kizuri kuliko vyote, maana sikuwa mchoyo wa udongo. Nikamwambia maneno manne, mke wangu akisikia: "Panda maharagi, usipande muti."

Mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa, ila huenda atakayesoma hapa ni mtu wa kwingine. Kwetu ukimkodisha mtu shamba hamwandikiani chochote. Unamwambia maneno hayo, basi, ameelewa. Maharagwe ni ya miezi mitatu, ukishayang'oa umekwisha kuondoka. Mti unabaki. Aliyepanda mti ameonyesha watu wote wa mlima kwamba hapa ni pake, na kumtoa baadaye ni kesi ya miaka. Kwa hiyo mpangaji analima viazi, analima kabeji, analima mahindi, lakini hachomeki hata kijiti kinachoweza kuota. Maneno ya mpangaji ndiyo niliyomwambia mtoto wa baba yangu, akiwa amesimama katika shamba la baba yake.

Hakubisha. Alisema "ndiyo, kaka," akavua viatu akaingia kuangalia udongo.

Nilikuwa nimejiandalia sababu ikiwa angeuliza. Ya kwanza ilikuwa kwamba mdogo wetu yuko Bisie na siwezi kugawa bila yeye. Ya pili, kwamba si mimi, ni desturi, na watu wa ukoo wangesema. Hakuuliza, sababu zangu zikabaki tumboni. Sababu ya kweli ilikuwa ndogo na mbaya. Nilikuwa na wavulana wawili wanaokua, nikiutazama ule mlima niliuona umeshagawanyika sehemu mbili, na sikutaka kuuona ukigawanyika zaidi. Huku kila siku ya soko nilisimama ukumbini na kuwaambia akina baba kwamba binti ni mrithi, na waliponung'unika niliwakaripia.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, nilipita shambani kwake asubuhi nikakuta miche ya mikaratusi imepandwa mpakani. Kumi na miwili, mstari mmoja ulionyooka kama wa daftari. Hakuwa ameinunua, alikuwa ameiotesha mwenyewe katika makopo ya zamani nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeyaona yale makopo nikadhani ni kabeji. Kila mche ulikuwa na shimo lake, samadi yake, na kijiti cha kuushikilia.

Baadaye nilielewa kwamba hakukusudia kunipinga. Alikuwa amesikia nilivyosema kule Pinga mbele ya wazee, kwamba baba alituachia wote sawa, na akafikiri kwamba yale maneno manne niliyasema kwa ajili ya masikio ya mke wangu, kwamba ni ya muda tu, na kaka mtu wa sheria hawezi kuyamaanisha.

Niliing'oa mmoja mmoja. Mikono yangu inakumbuka jinsi miche ilivyotoka bila ubishi, udongo ulikuwa laini na mizizi ilikuwa bado mifupi. Nilipomaliza nikachukua kipande cha gunia, nikakilowesha kijitoni, nikafunga mizizi isije ikakauka, na mzigo nikauweka njiani mahali atakapouona. Nilikwenda nyumbani nikijihesabu kuwa muungwana kwa sababu ya lile gunia.

Sikusikia neno. Hakuja kugomba, hakumtuma mtu. Siku hiyohiyo binti yake alileta sahani ya maharagwe kama kawaida yao, akapokelewa na mke wangu, akaondoka. Jumapili nikasikia kwamba dada amemwomba padri nafasi kando ya uwanja wa shule, na amepanda pale miche kumi na miwili. Mmoja ulikufa. Iliyobaki ilikua upesi, maana mkaratusi hauna aibu, na leo ni mirefu kuliko paa la kanisa. Parokia imeshakata miwili kwa ajili ya boriti za darasa. Siku zote za soko, nikienda ukumbini na daftari langu kwapani, napita chini yake, na nimejizoeza kutazama upande mwingine wa njia.

Kisha ukaja wakati wa kukimbia vita. Tulikimbia kama watu wengine, tukakaa katika mahema kama watu wengine, na siwezi kusema zaidi kuliko wanavyosema wengine. Tuliporudi, maswali ya ukumbini yalikuwa ya mashamba tu. Nyumba zimechomwa, nyua zimeliwa na ng'ombe, karatasi zimepotea njiani, nitajuaje mpaka wangu? Niliwajibu wote jambo moja. Niliwaambia watafute miti yao. Mwenye mti aliopanda kwa mkono wake, na majirani wanaokumbuka akiupanda, huyo ana ushahidi hata mbele ya baraza la mji. Niliwaambia hivyo kwa juma zima, nikaandika barua hata kidole kikafanya sugu, na nilijisikia mtu wa maana.

Juma lile lile shefu wa lokalite, yaani mkuu wa kijiji, alianza kupita mlimani na karani wake, kuandika upya kila kipande ni cha nani. Nilikuwa pamoja nao walipofika chini, karibu na kijito. Dada alikuwa anapalilia. Shefu alimsalimu, kisha akazungusha macho mpakani. Hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa na maharagwe, mazuri, yameanza kutoa maua. Shefu hakumuuliza yeye, alinigeukia mimi.

"Hii ni ya nani?"

Dada aliegemea mpini wa jembe akangoja. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, karani alikuwa bado anatafuta ukurasa.

"Ni yangu," nilisema.

Karani akaandika. Dada akainama, akaendelea kupalilia.

Siku ya soko iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka nje. Nilikuwa nimeshajibu maswali kadhaa nilipoona mkono umeinuliwa kwenye benchi la mwisho. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Tangu nianze kazi hiyo dada hakuwahi kuingia ukumbini siku ya maswali.

"Niko na swali, Papa," alisema. Hakuniita kaka. Aliniita kama wanavyoniita watu nisiowajua. "Muntu analima mu shamba ya baba yake. Baba alishakufa. Ndugu yake anamuambia apande maharagi, asipande muti. Ile shamba anailima ni haki yake, ao ni huruma?"

Watu wote wa Karuba walijua ni nani anauliza na ni ndugu gani. Watu waliokuwa wakiongea mlangoni walisogea ndani. Nilifungua daftari la buluu nikapekua kurasa, ingawa kifungu hicho nilikijua kwa moyo, kwa sababu nilihitaji mahali pa kuweka macho. Nilitamani mtu akohoe, nilitamani mvua inyeshe juu ya mabati, nilitamani chochote.

"Ni haki yake," nilisema hatimaye. "Mutoto mwanamuke anariti sawa na mutoto mwanaume. Ndugu hana ruhusa ya kumukataza."

"Na kama ule ndugu iko anajua ile sheria?"

"Basi kosa yake iko kubwa zaidi."

"Aksanti, Papa. Nilitaka tu niisikie mu kinywa yako." Akaketi, akatengeneza kitenge magotini, na akakaa mpaka mwisho kama wengine. Aliyemfuata alikuwa baba mmoja mwenye shauri la baiskeli iliyoshikwa kwenye kizuizi. Nilimjibu, na sijui nilimjibu nini.

Jioni nilimpigia simu mdogo wetu kule Bisie, nikamwambia nataka kugawa mlima sehemu tatu, na kwamba miaka yote nilikuwa nasubiri yeye arudi ili tukubaliane. "Miye sikukataza kitu, kaka," alisema. "Hata siku moya haukuniuliza." Hivyo nikabaki hata bila hiyo sababu.

Nikaenda kwa shefu kumwomba abadilishe daftari. Alishangaa. Akaniuliza kama siku ile shambani nilikuwa nimekosea au nilisema uongo, maana karani lazima aandike sababu. Nikasema nilisema uongo. Karani aliniangalia, akainamisha kichwa, akaandika polepole. Karatasi ya ugawaji niliiandika kwa mkono wangu, kwa maandishi mazuri ya mwalimu: mlima ni wa baba yetu, warithi ni watatu, kipande cha chini mpaka kijitoni ni cha dada, anaweza kukitumia, kukipanda na kuwaachia watoto wake. Majirani wawili wakatia sahihi, shefu akapiga muhuri. Nilijisikia mwepesi kidogo nikishuka nayo mlimani. Nilifikiri kazi imekwisha.

Dada alinipa kiti. Akaniomba nisome, nikasoma. Akaniomba nirudie pale palipo na jina lake, nikarudia. Kisha akaikunja na kuiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Alinishukuru, akanimiminia uji. Hakuwa na kinyongo cha kuonekana, na laiti angekuwa nacho ningejua la kufanya.

Mvua zikaja. Nikangoja kuona atapanda nini. Akapanda maharagwe, toka kijitoni mpaka mpakani, na mpakani akaacha wazi. Nikadhani amekosa miche. Nikaenda mpaka kwenye kitalu kimoja njia ya Mushaki, nikachukua miche kumi na miwili ya mikaratusi katika mifuko yake myeusi, nikaibeba begani mpaka shambani. Watu niliokutana nao njiani waliitazama, wakanitazama.

Alikuwa anachambua mbegu. "Weka pale mu njia," alisema, na nikaiweka. Baadaye, nikirudi nyumbani, nikakumbuka ni mahali palepale nilipoweka lile gunia.

Akayavuna maharagwe hayo, na miche ikabaki njiani. Nilipomuuliza atapanda lini alisema, "Wacha nivune kwanza." Alipokwisha kuvuna alisema majani ya maharagwe bado yanaoza shambani. Mimi siwezi kumpandia. Kila mtu ajuaye mlima wetu ataelewa: nikipanda mimi hata mche mmoja, kesho yake watasema kaka amelichukua tena shamba lake, na mimi niliyewafundisha kwamba mti ndio ushahidi sitakuwa na la kuwajibu. Karatasi iko ndani ya kopo, nani ataisoma? Miti inasomwa na kila mpita njia. Inatakiwa iwe mikono yake, na mikono yake niliifundisha mimi kupanda maharagwe.

Kwa hiyo naimwagilia miche. Kila Jumanne nashuka na kidumu changu, nateka maji kijitoni, nalowesha mfuko mmoja mmoja. Mizizi imeshatoboa plastiki na kuingia ardhini pale njiani, mahali ambapo si pa mtu. Wapo wanaonitania. Wanauliza hakimu anangoja hukumu gani. Zamani ningewajibu kwa ukali, siku hizi naendelea kumwaga maji.

Jumanne iliyopita mvua zilikuwa zimeanza tena. Nilimkuta dada ndani ya shamba, ameshalima lote, anapanda. Niliingia mpaka katikati nikasimama mbele yake. Sikumwamuru, nilimwomba. Nilimwambia, "Mudogo wangu, nakuomba, panda ile miti. Hata moya tu." Nilisema pia kwamba naona haya, kwamba nimeona haya tangu Pinga, na neno hilo kwa kinywa changu sikuwa nimewahi kulisema mbele yake.

Alisikia. Alisimama akajinyoosha mgongo, akatazama ile miche njiani, akanitazama mimi. Kisha akachota mbegu kwenye bakuli, akainama, akaendelea: shimo, mbegu tatu, udongo, hatua. Shimo, mbegu tatu, udongo. Alikuja hivyo taratibu kwenye mstari wake mpaka akafika kwenye miguu yangu, akangoja ameinama, na ikabidi nisogee apite.